Mtoto avuliwe nguo kliniki, na mama aulizwe anampaka nini

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako na naomba usinikatie barua hata kama imekuwa ndefu, juu hii kitu ya krimu kali kupakwa watoto nimeibeba tangu mwezi wa tatu na wiki jana ikanikaba kabisa nikiwa kwa laini ya kliniki hapa Kayole.

Nilikuwa nimempeleka kijana wangu sindano ya pili ya surua, ile ya miezi 18. Kando yangu kwa benchi kulikuwa na mama mdogo wa umri wa miaka 20 na kitu, amepakata kasichana ka miezi minne kamefungwa shali mbili na kofia ya mavin kichwani, Desemba hii na jua lote hili. Mtoto alikuwa anajisugua uso kwa kifua cha mamake, anageuza kichwa huku na huku, analia kidogo, ananyamaza, anajisugua tena. Mimi nikajua kabla sijaambiwa. Nikamuuliza, mama, shida ni ngozi? Akasema eeh, lakini imepoa, kuna dawa napaka. Akaingiza mkono kwa mkoba akatoa tyubu imekunjwa kuanzia mkiani mpaka karibu na shingo, venye watu hukunja dawa ya meno ikikaribia kuisha. Mhariri, ilikuwa ile ile niliyompaka kijana wangu. Jina ni lile, maandishi ni yale yale madogo pale nyuma ambayo mimi sikuwahi kuyasoma. Mikono ilianza kunitetemeka.

Wacha nieleze nilikotoka.

Kijana wangu alizaliwa mwezi wa sita, ile baridi ya Nairobi ya kuvaa sweta mbili. Alikuwa na kilo 3.2 na urefu wa sentimita 49, vyote viliandikwa kwa kijitabu cha kliniki na bado viko. Akapata BCG, ile ya kifua kikuu, mkononi na matone ya polio. Wiki ya 6 nikaenda, ya 10 nikaenda, ya 14 nikaenda, sindano za paja, ya nimonia, matone ya kuzuia kuhara, sikukosa hata siku moja, na nasema hivi sio kujisifu, ni ili msomaji ajue kwamba hii haikutokea kwa mama mwenye hajali kliniki. Ilitokea kwa mama aliyefika kila tarehe aliyoandikiwa.

Karibu na miezi mitatu mashavu yakaanza kukauka. Ukipitisha kidole unaskia kama msasa. Halafu ikashuka kwa viwiko na kwa miguu hapa mbele ya muundi, vipele vidogo vidogo, akijikuna vinatoa maji, vikikauka vinakuwa gamba. Usiku halali, na asipolala yeye hakuna mtu wa nyumba hiyo analala. Wiki ya 14 nilimtajia nesi, akaangalia uso tu kwa sababu ndio ulikuwa nje, akasema hiyo ni ngozi ya mtoto itaisha. Simlaumu. Alikuwa peke yake, laini imefika hadi kwa geti, na mtoto alikuwa amevaa nguo nne. Hata mimi ningesema hivyo.

Nikarudi nyumbani na ushauri ukaanza, unajua ploti zetu venye ziko. Mmoja anasema ni maziwa yangu, niache mayai, niache maharagwe, mwingine anasema ni jicho la mtu, shosho akatuma majani ya kuoshea kutoka ushago, jirani akasema niweke dawa ya kuua viini kwa maji ya kuoga, ile ya kusafisha vidonda, kifuniko kimoja kwa beseni. Hiyo ya mwisho niliifanya na ngozi ikazidi kuwaka. Ndio nikaenda kemisti.

Kijana wa kemisti hakuuliza mtoto ana umri gani. Nilisema tu mtoto ana vipele vinawasha, akageuka kwa shelfu akatoa tyubu, mia mbili na kitu, akasema paka asubuhi na jioni. Na ilifanya kazi. Hapa nataka nieleweke, ilifanya kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Siku ya tatu ngozi ilikuwa laini kama mtoto hajawahi kuugua, akalala usiku mzima, mimi nikalia kwa furaha. Niliiacha siku mbili, ikarudi kwa kishindo. Nikapaka tena, ikaenda. Basi ikawa ndio mafuta yake. Asubuhi na jioni, kuanzia mashavu hadi vidole vya miguu, mpaka kwa matako kabla sijafunga daipa, juu pia hapo kulikuwa kumechubuka. Miezi mitano. Nikihesabu sai ni kama tyubu 14.

Mtoto akanona. Mashavu yakajaa, kifua kikajaa, shingo ikapotea kabisa, na kila mtu kwa ploti akawa ananipongeza, wengine wananiuliza namlisha nini. Miezi 6 nikaenda kliniki, akakatiwa ile kapsuli ya bluu ya vitamini A ikakamuliwa mdomoni, akapimwa kilo na nguo zake, doti ya kilo kwa chati ikapanda, nikaambiwa mama unafanya kazi nzuri. Urefu hakupimwa. Ule ubao wa kupimia urefu nauona mpaka leo, ulikuwa umeegeshwa ukutani nyuma ya mlango na maboksi ya glavu yamewekwa juu yake.

Miezi 9 tukapata nesi mwingine, mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Akaniambia, mama, mvue yote. Nikasema kuna baridi. Akasema najua, mvue, hatutakawia. Akatoa yale maboksi mwenyewe, akalaza ubao mezani, akaita mwanafunzi wa unesi amshike kichwa kiguse pale juu, yeye akanyoosha magoti na kusukuma kile kibao cha miguu. Akasoma. Akamlaza tena akasoma mara ya pili. Sentimita 67.

Akafungua kijitabu nyuma, kwa ile chati ya urefu. Doti ya mwisho ilikuwa ya wiki ya 14, sentimita 61. Akaweka doti mpya na akaunganisha na kalamu, halafu akarudi kwa chati ya kilo akafanya vile vile, 10.3. Akaziweka mbele yangu. Mstari wa kilo ulikuwa unapanda unaenda zake juu, na mstari wa urefu umelala chini hadi umevuka ile laini ya chini ambayo mtoto hafai kuivuka. Mtoto wa kiume wa miezi 9, katikati ya chati ni kama sentimita 72. Wangu alikuwa ameongeza sita pekee kwa karibu miezi sita.

Hakusema kitu. Alivuta soksi, akapitisha kidole gumba kwa muundi wa mtoto, taratibu, kutoka gotini mpaka kifundoni. Hapo ndio na mimi niliona, na ni mimi nilikuwa namuosha kila siku. Ngozi ilikuwa inang'aa kama karatasi ya nailoni, nyembamba, vimishipa vinaonekana chini yake. Mapajani kwa mikunjo kulikuwa na michirizi kama ya mama aliyezaa. Mashavu yalikuwa na mabaka meupe, na mgongoni kumeota vinywele laini. Akaniangalia juu ya miwani akauliza, unampaka nini?

Mhariri, mtoto alikuwa na miezi 9. Hilo lilikuwa ni mara ya kwanza mtu wa kliniki kuniuliza hilo swali.

Nilitoa tyubu kwa mkoba, juu nilikuwa natembea nayo kila mahali. Akaisoma nyuma, akaita klinikal ofisa, wakaisoma pamoja. Surua hakumdunga siku hiyo. Alinieleza vizuri kwamba chanjo ya surua ina virusi hai ambavyo vimepunguzwa nguvu, na mtoto ambaye mwili wake umefyonza kwa wingi steroidi, ile dawa ya kutuliza ngozi iliyokuwa kwa hiyo tyubu, hadungwi mpaka daktari aamue. Akaandika barua ya rufaa, akaniambia niende kesho yake, sio wiki ijayo. Na akaniambia neno moja lililomwokoa mtoto wangu, kwa sababu mimi nilikuwa tayari kuitupa hiyo tyubu kwa pipa pale pale getini: usiache ghafla kabla daktari hajamuona.

Huko hospitali kubwa ndio nilielezwa. Ndani ya hiyo krimu kulikuwa na klobetasoli, kwa boksi utaiona imeandikwa clobetasol, ambayo ni moja ya steroidi kali kabisa za kupaka, kali kuliko haidrokotisoni, ile steroidi hafifu ya kawaida, mara mia kadhaa. Zingine zina betamethasone, zimechanganywa na dawa ya fangasi na antibayotiki humo humo, ndio watu huziita za mchanganyiko na kuziona ni bora kwa sababu zinatibu kila kitu. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na ukilinganisha na kilo zake ngozi ni kubwa sana kuliko yetu, kwa hivyo kile unachopaka juu kinaingia ndani kwa wingi. Ukifunga daipa juu yake ni kama umefunika na plastiki, inaingia zaidi. Mwili una tezi mbili juu ya figo zinazotengeneza homoni ya aina hiyo hiyo, na zikiona inakuja nyingi kutoka nje zinalala. Sasa ukikata krimu leo na tezi zimelala, siku mtoto akipata homa au kuhara mwili hauna kitu cha kusimama nacho, anaweza kuzirai, anaweza kufa. Alipimwa damu saa mbili asubuhi, na kweli zilikuwa zimelala. Alipewa dawa ya kumeza ya kushikilia mahali pa hiyo homoni, ikapunguzwa pole pole, karibu miezi mitatu, kila wakati damu inapimwa. Ule unono wote niliopongezwa nao ulikuwa ni ugonjwa.

Nesi aliona hiyo kitu kwa sababu ya mistari miwili. Mtoto anayekosa chakula kilo ndizo huanza kushuka. Mtoto ambaye kilo zinapanda na urefu umesimama, hiyo ni lugha nyingine kabisa na inataka mtu aisome. Kama angempima kilo peke yake kama wenzake ningeambiwa tena nafanya kazi nzuri.

Ukurutu wenyewe, ule ambao kwa kizungu ni eksema, kumbe si wa maziwa yangu wala jicho la mtu. Daktari aliuliza nani kwenu ana pumu, nikasema baba yake, na shangazi ana ile ya kupiga chafya vumbi likiamka. Akasema basi, inatembea kwa familia. Ngozi ya watoto kama hawa haishiki maji vizuri, inakauka haraka, inapitisha vitu vya kuwasha, na haiambukizi mtu. Mayai nilirudi kula siku hiyo hiyo.

Kitu kingine alichonifunza ambacho natamani kila mama mweusi akijue: vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Ya kwetu mara nyingi haiwi nyekundu. Inakuwa ya zambarau, au kijivu, au nyeusi zaidi ya pale kando, au imepauka tu na ina vinundu, na ndio maana mtu akiangalia kwa haraka anasema hakuna kitu. Aliniambia tumia mkono kuliko macho. Gusa. Na baada ya kupona kunabaki mabaka meusi ama meupe kwa miezi, hayo yanarudi rangi yake yenyewe, hayatafutiwi dawa. Ile alama ya bluu kwa matako ambayo watoto wetu wengi wanazaliwa nayo pia haina shida, haijatokana na kupigwa na haihusiani na haya.

Sasa matunzo yenyewe, juu najua kuna mama anasoma hapa na mtoto anajikuna. Sisi tunaosha mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu ambayo nimepima na kiwiko, dakika tano hadi kumi basi, sabuni isiyo na marashi na hata hiyo ni ya kwapa na daipa tu, mwili mzima haupakwi povu. Dawa ya kuua viini kwa beseni hapana. Namtoa, namgusa-gusa na leso bila kusugua, na akiwa bado ana unyevunyevu, kabla dakika tatu hazijaisha, napaka petroli jeli ile ya kawaida isiyo na harufu, nyingi, mwili wote. Hiyo ndio dawa kubwa na ni ya bei ya chini kuliko tyubu. Napaka hata mara tatu nne kwa siku, na naipaka hata siku ngozi iko sawa, hapo ndio wengi tunakosea, tunaacha ikipoa. Losheni ya maji maji yenye harufu ya maua haimsaidii mtoto kama huyu. Kucha fupi kila Jumapili.

Ukurutu ukipanda kuna haidrokotisoni ya asilimia 1 ambayo daktari aliandika, na hapa nataka nikomee kidogo, kwa sababu nimeona akina mama wakishaskia haya wanaogopa kila krimu na mtoto anateseka bure. Steroidi sio sumu. Hafifu, kwa siku chache, mahali penye ukurutu peke yake, kwa kipimo, inasaidia sana. Kipimo chenyewe nilionyeshwa: unakamua mstari kutoka ncha ya kidole chako cha shahada mpaka mkunjo wa kwanza, hiyo inatosha mahali pa ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Mimi nilikuwa nakamua kama napaka siagi kwa mkate. Ubaya ni kali, kwa muda mrefu, bila mtu kukuangalia.

Nguo ni pamba karibu na ngozi. Sweta ya sufu inakaa juu ya nguo ya pamba, haigusi shingo. Za mitumba na hata mpya tunafua kwanza, na tunasuuza mara mbili, najua maji ya mfereji hayaji kila siku na mtungi unaununua, lakini mimi afadhali nipunguze sabuni ya unga kuliko kupunguza maji ya kusuuza. Na hili la kufungia watoto nguo, jamani. Nairobi tunaogopa nimonia mpaka tunapika watoto. Shali mbili, mavin, soksi, glavu, ndani ya matatu dirisha zimefungwa, saa saba mchana. Jasho linaamsha ukurutu, na hata mtoto asiye na ukurutu anapata vipele vya joto shingoni na kifuani halafu mama anakimbilia krimu. Nguo moja zaidi ya ile umevaa wewe inatosha. Mguse shingo kwa nyuma, kukiwa na jasho toa moja.

Na sio kila kitu ni ukurutu. Usiku nyumba nzima ikiwa inajikuna, na mtoto ana vipele kwa viganja na nyayo, huo unaweza kuwa upele wa kuambukizana, ule wa scabies, na mnatibiwa wote siku moja. Chini ya daipa ukiona hata mikunjoni kumewaka na kuna vidoti vidoti pembeni, huenda ni fangasi. Mstari wa malengelenge unaochoma uliotokea asubuhi moja tu, wakati wa mvua, huenda ni yule mdudu wetu mwekundu na mweusi, Nairobi fly, amefinywa kwa ngozi, mpeperushe usimponde. Ukiona ukurutu umetoa gamba la manjano na maji, au vidonda vidogo vya mviringo kama vimetobolewa na mtoto ana homa, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo.

Sasa, Mhariri, kilichonifanya niandike. Wiki jana hiyo miezi 18 kijana wangu alidungwa, tukaandikiwa, tukatoka, na hakuna mtu alimvua hata soksi. Hakuna aliuliza ngozi. Kilo alipimwa na jaketi. Niliomba mwenyewe apimwe urefu na nikasaidia kuutoa ubao, ni sentimita 78, anapanda, nashukuru Mungu. Lakini mimi naomba kwa sababu nimeungua. Yule mama wa kando yangu angeomba aje?

Ombi langu kwa wanaosimamia afya Nairobi ni dogo. Mtoto chini ya mwaka akija kliniki avuliwe. Mizani yenyewe inataka mtoto bila nguo, sio jambo jipya, na akishavuliwa macho ya nesi yanapita mgongoni na mapajani bila kuongeza hata dakika. Urefu upimwe kila mara, sio kilo pekee, na kama ubao umevunjika uletwe mwingine. Na swali moja liulizwe na jibu liandikwe kwa kijitabu: unampaka nini? Nesi mmoja na akina mama 60 hawezi, najua, nimekaa hizo benchi. Basi wale wahudumu wa afya wa jamii, ambao tangu 2023 wametolewa na mikoba yao na simu zao na wanapita kwa nyumba zetu, wafunzwe hilo swali moja. Wakija kwangu huwa wanauliza choo na neti na chanjo. Waulize na mafuta, na wasiulize tu, waseme nionyeshe tyubu. Kwa sababu mimi ningejibu ni mafuta ya ngozi. Niliamini ni mafuta.

Kwa wenye kemisti: hizi krimu kali zinafaa kutolewa kwa maagizo ya daktari na nyinyi mnajua kuliko mimi. Mnajua pia kwamba ni hizo hizo watu wananunua kujichubua, ndio zimejaa kila shelfu. Mtu akija akisema ni za mtoto, uliza miezi mingapi. Ukiskia mtoto mchanga, mpe petroli jeli na umwambie aende kliniki. Utapoteza mia mbili.

Na kwa mama ambaye amepaka hizi krimu wiki nyingi na anasoma hapa moyo unampiga: usizitupe leo. Beba tyubu, beba kijitabu, nenda hospitali kesho asubuhi useme umepaka kutoka lini na mara ngapi kwa siku. Utaogopa watakukemea. Mimi sikukemewa. Yule daktari aliniambia tu, umeileta mapema.

Yule mama wa benchini nilimpigia simu Jumamosi. Alikuwa amepaka wiki tatu, sio miezi mitano. Hospitali walimvua mtoto, wakampima urefu, yuko sentimita 62 na yuko mahali pake kwa chati. Wamempunguzia pole pole na kumpa ile hafifu, anarudi Januari. Alisema mtoto analala na nguo moja na usiku wa jana ameamka mara moja tu kunyonya.

Wako,
Mama wa watoto wawili,
Kayole, Nairobi